Kitanda cha Kamba

Saa moja asubuhi, maabara ya Al-Khoudh,
kipoza hewa kinakohoa,
nami nakata jino la shangazi yangu.

Wiki tano limelala kwenye asidi
mpaka likawa laini kama boga la futari.
Sasa mashine inalichana vipande
vyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Alinipa mwenyewe, Bi Ghaniya, ndani ya kichupa cha daktari Bindu:
"Chukua ukalitazame. Si ndiyo kazi yenu?"
Lilipasuka kati, halikuungika tena.

Watu hudhani jino limechimbiwa tayani
kama nguzo kwenye saruji.
Sivyo.
Kati ya jino na mfupa pana mwanya,
mwanya ambao ukucha haupiti,
na jino limetundikwa humo
kama mtu juu ya kitanda cha kamba:
hagusi mfumbati, hagusi tendegu,
kila akijigeuza, kamba zinajua.

Kamba nene ndizo zibebazo.
Zimekatiza huku na huku, tonge likija zinakazana,
tonge likishuka zinapumua.
Hizo kila mwanafunzi anazijua.
Lakini umo uzi mwingine,
mwembamba, mkaidi wa njia:
wenzake wanakatiza, wenyewe unapanda na kushuka
ubavuni mwa mzizi, ukiandamana na mshipa wa damu
kama mtoto aliyeshika ncha ya buibui la mama
asipotee Soko la Muttrah.
Unavutika. Unarudi.
Jina lake oksitalani.
Kazi yake? Vitabu vinajikuna kichwa.
Labda kuukinga mshipa usibanwe tutafunapo.
Labda.
Tena hauonekani hivi hivi;
sharti kwanza uunguzwe kwa dawa kali,
ndipo ukubali rangi.

Zamani, nyumbani Mabela,
sinia la wali likishuka, sote tunakula tu.
Shangazi tonge la tatu anasita,
anafumba macho, ulimi unatafuta,
kisha anatema kidoleni chembe ya mchanga
ndogo hata tuipeleke dirishani kuiona.
"Nani kachagua mchele huu?"
Tukicheka: Shangazi ana forodha kinywani,
haipiti bidhaa bila kukaguliwa.

Sasa ana skrubu mbili za titani,
la juu na la chini yake.
Mwanawe Mundhir alizilipia kutoka Abu Dhabi
na risiti akaituma kwenye kundi la familia.
Mazuri. Meupe. Hayatikisiki.
Mfupa umeyakumbatia moja kwa moja,
hakuna mwanya, hakuna kamba, hakuna kitanda.
Ijumaa iliyopita, baada ya kahawa,
aliuma tende na kokwa yake.
Kah!
Sote tukageuka.
Yeye anaendelea kutafuna:
"Nini? Mbona mnanikodolea?"

Jino la pembe si dawa ya pengo.
Tumelisema tangu tuko Unguja,
tukalipakia na masanduku tukaja nalo huku,
na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini.

Nazungusha lenzi. Ukungu. Ukungu. Halafu,
kwenye kinyama kilichong'ang'ania mzizi,
pale pale kando ya mshipa uliokwisha damu,
uzi wa zambarau
umejishikilia.
Kwenye lebo nimeandika: 214, mwanamke, miaka 71.
Hapana mahali pa kuandika mchanga.

Simu inalia.
"Enhe, umeona nini?"
"Uzi, shangazi."
"Uzi tu? Rangi gani?"
"Zambarau. Lakini rangi tumeitia sisi."
"Aa," anasema. "Kwa hivyo wenyewe hauna rangi."
Ananyamaza kidogo.
Namsikia anatafuna kitu.
Simwulizi nini.